Lenzi Pana na Aliyesimama Pembeni

Kwaa! Komeo la geti lililia mara moja usiku, kisha kimya. Baba alikuwa macho, akalisikia. Mama aliyelala ubavuni mwake akalisikia pia. Hakuna aliyeinuka. Asubuhi kitanda cha mtoto wao wa kwanza wa kiume kilikutwa kimetandikwa, na baba akasema mezani, uji ukiwa bado unafuka moshi, "Jina la yule lisitajwe tena katika nyumba hii."

Wapendwa, ukapita mwaka, ukapita mwingine, ikatimia tisa. Jina halikutajwa.

Kijana alikuwa amekosa nini? Kule mlimani kwao mpaka wa shamba hauwekwi kwa waya. Hupandwa masale, yale majani marefu ya kijani yasiyokubali kukauka. Baba aliyang'oa masale yake akayapanda hatua tatu ndani ya shamba la jirani. Wazee wa ukoo walipokaa kusikiliza shauri, wakamwuliza kijana, naye akajibu, "Mpaka ulikuwa huku. Baba ameusogeza." Masale yakarudishwa mahali pake. Kijana hakurudishwa.

Na mjue mambo mawili kuhusu watu hao. La kwanza, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, baba wa baba. Kwa hiyo mzee huyu, alipolizuia jina la mwanawe, alilizuia na la baba yake mzazi. La pili, mtu akimkosea mwenzake, huchuma jani moja la sale, akalipiga fundo, akaenda nalo mkononi kuomba radhi.

Sasa, kila Desemba walioko mijini hupanda kwenda nyumbani. Mbuzi huchinjwa, na kabla ya kula, familia nzima hupigwa picha moja uani. Mpiga picha ni yuleyule kila mwaka, na kila mwaka anapata taabu ileile. Uwanja ni mdogo. Mbele nyumba, kando migomba, nyuma banda la ng'ombe. Anarudi kinyumenyume, anarudi tena, mpaka mgongo unagota bandani na ng'ombe anamlamba shingo, na bado shemeji wawili wamekatwa mabega.

Novemba moja yule mama akateremka mjini mpaka studio.

"Mwanangu, safari hii nataka picha yenye watoto wangu wote."

"Wataenea, mama. Shida ni lenzi yangu, nyembamba. Nitatafuta pana."

Mama akamtazama kidogo. "Haya," akasema. "Tafuta."

Mpiga picha akaenda dukani. Mwenye duka, dada mmoja asiyependa kupoteza maneno, akamwuliza, "Unasimama wapi ukipiga?"

"Mgongo kwenye banda la ng'ombe. Na watu wako hatua tano mbele yangu, thelathini, ukiacha watoto wanaobebwa mgongoni."

Dada akapanga lenzi tatu juu ya kioo. "Hii ya kwanza inamleta mtu karibu na kufifisha vilivyo nyuma yake. Maharusi wanaipenda. Ya pili ni pana kiasi, ila kwa kamera yako bado utakata watu. Chukua hii ya tatu. Lakini nikwambie mapema, usije ukanirudishia: inawavuta walio pembeni wakaonekana wanene. Pembeni weka wembamba."

"Wembamba nitawapata wapi, Desemba?"

Dada akacheka. "Na hii haichagui, kaka. Itaingiza kamba ya nguo, itaingiza ndoo, itaingiza jirani. Kabla hujabonyeza, kagua kona zote nne."

Siku ikafika. Watu wakapangwa, mzee kiti cha katikati, mama kulia kwake. Mpiga picha akaegemea banda, akainua kamera. Wote wamo, mpaka shemeji na mabega yao. Akakumbuka kukagua kona. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, ndoo, ikaondolewa. Ya nne, pale pembeni kabisa, nje ya masale, karibu na geti, kulikuwa na mwanamume amesimama na kofia mkononi.

"Baba," akaita, "kuna mtu ameingia kwenye picha. Nimwombe asogee?"

Vichwa vikageuka, kisha vikarudi haraka, kila mtu akatazama viatu vyake.

"Au aache tu," mpiga picha akasema. Hakujua alichokigusa. "Nitamkata baadaye kwenye kompyuta. Hatabaki hata kivuli."

Mama ndiye aliyejibu, polepole, bila kugeuka. "Kila mwaka anasimama hapo hapo. Ni lenzi yako tu iliyokuwa haimfikii."

Hebu tumwache mzee kwenye kiti chake kidogo, tujitazame sisi. Mara ngapi tumesema nafasi imejaa? Tukasema meza ni ndogo, uwanja ni mdogo, mioyo yetu ndivyo ilivyoumbwa? Tunamwomba Mungu atupanue, na tunaomba kwa machozi. Je, tumewahi kufikiri atakapotupanua tutamwona nani? Hatuletewi malaika pembeni mwa picha. Tunaletewa yule aliyesema kweli tukamchukia kwa kweli yake. Na ndipo tunapotafuta mkasi. Tunasema, abaki nje, tutamkata baadaye, watoto hawatajua. Ndugu yangu uliyeketi hapa, dada yangu, wewe umemkata nani? Unasubiri aje na jani mkononi. Lakini aliyeusogeza mpaka ni nani? Ni yeye, au ni wewe?

Lenzi pana haimsogezi mtu hata hatua moja. Inakuonyesha tu alipo. Hatua ni zako.

Sasa turudi uani. Mzee aliketi mpaka nyama ikaanza kuungua jikoni na hakuna aliyekwenda kuigeuza. Kisha akainuka. Wanawe wakataka kumshika mkono, akawazuia. Akapita mbele ya kamera, akapita ndoo, akafika kwenye masale, yale yale aliyowahi kuyang'oa. Akachuma jani moja. Vidole vilikuwa vizee, fundo likakataa, akalirudia mpaka likakubali. Mpiga picha alikuwa ameshusha kamera. Mama alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

Kwaa! Komeo likafunguka.

Na mzee, jani mkononi, mbele ya thelathini wake wote, akalitaja jina:

"Ndekirwa."