Karamu ya Majani na Pumba

Hapo zamani, siyo zamani ile ya mababu bali zamani iliyokwisha kuonja simu, palikuwa na nchi iitwayo Umbeta, na mfalme wake aliitwa Matungwa. Mfalme huyu alifungua jukwaa mtandaoni, akaliita Jukwaa la Imani, ili watu wake, ambao wengi wao walikuwa Wakristo, waulizane na kujibizana maneno ya Mungu bila kutoka majumbani mwao. Kila mwenye simu akaingia, na mambo yakaenda vizuri mpaka siku Lazaro alipouliza swali.

Lazaro alikuwa maskini wa kutupwa, na watu walimwita mjinga kwa sababu ukimwambia asubiri kidogo, anakuuliza kidogo ni kiasi gani. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, akiwa amekwisha kuoa. Na kwa kuwa kila herufi aliipata kwa jasho, aliamini kwamba hakuna mtu wa kujisumbua kuandika jambo lisilo kweli. Basi mkewe Ketura alipojifungua mtoto wa kike, Lazaro akaazima simu ya jirani, akaandika kwa kidole kimoja: "Bwana asifiwe wapendwa. Mtoto wangu nimbatize kwa maji mengi au maji machache?"

Mzee Zakaria Mbwilo, fundi cherehani, akajibu kwamba ni maji mengi, mtoni, tena mtoto angojwe akue. Mama Perusi, muuza vitumbua, akajibu kwamba ni machache, kichwani, tena wiki hii hii. Kila mmoja akaleta mstari wa Biblia, na mistari ilipowaishia wakaleta wanyama. "Ubarikiwe sana, mbuzi wewe," akaandika Mama Perusi. "Neema iwe nawe, kuku wa mdondo," akajibu Mzee Zakaria. Ikawa nchi nzima imegawanyika. Kwaya ikaimba nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na wachumba wakarudishiana barua.

Aliyetukana kuliko wote alikuwa mtu asiyejulikana, aliyejiita Simba wa Imani. Leo yuko upande wa maji mengi, kesho wa maji machache, ilimradi apate wa kumtukana. Pande zote mbili zikamwita punda.

Mfalme akasema amechoka. Akamwita Lazaro barazani, akamwambia, "Wewe ndiye uliyewasha moto huu."

"Mtukufu, mimi niliulizia maji."

"Nyamaza. Mjadala huu lazima uwe na mshindi. Kufikia Jumapili uniletee mtu mmoja kutoka humo jukwaani, ambaye pande zote mbili zinakubaliana juu yake. Usipomleta, wewe na mkeo na huyo mtoto mtavuka mpaka, mkabatizane huko mbele ya safari."

Lazaro akarudi nyumbani na kumweleza mkewe. Ketura akakaa chini. Akauliza watakwenda wapi na mtoto ambaye hata kitovu hakijakauka vizuri, na ni lini mtu aliwahi kushinda mabishano ya dini.  Lazaro akambeba mtoto, akaiazima tena ile simu, akaanza kusoma jukwaa kutoka juu kabisa, kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata. Wengine wote walikuwa wanasoma yale tu waliyotukanwa wao, wakajibu, wakaondoka. Lazaro akasoma yote mpaka chini. Alipomaliza, akaenda kwa mfalme kuomba jambo moja tu, kwamba wabishi wote wa jukwaani walioitwa barazani Jumapili, chakula chao aandae yeye mwenyewe. Mfalme akakubali.

Maana Umbeta walikuwa na desturi yao. Mjadala hauanzi barazani kabla watu hawajala, na kila mgeni hupewa chakula kinachomfaa, mzee asiye na meno hupewa uji, mama anayenyonyesha hupewa supu. Na mfalme hatii tonge kinywani mpaka mgeni wa mwisho aanze kula.

Basi Jumapili ikafika, wakaja wote wenye maneno mengi jukwaani, wakaketi kwenye mikeka. Harufu ya pilau ilitoka jikoni, wakameza mate. Lazaro akatoka akaweka mbele ya Mzee Zakaria fungu la majani mabichi. Mama Perusi akamwagiwa chenga za mahindi. Mwinjilisti mmoja aliyekuwa ameitwa kupe akafungiwa ng'ombe kando yake. Kiongozi wa kwaya, aliyeitwa nyani, akapewa ndizi, naye akazila, akaomba nyingine.

"Lazaro mwanangu," akasema Mzee Zakaria, "haya ni nini?"

"Ni chakula kinachokufaa, mzee. Imeandikwa kwamba wewe ni mbuzi."

"Imeandikwa wapi?"

"Jukwaani. Nimesoma mwenyewe. Nawe hukukana, ulijibu tu kwamba huyu mama ni kuku. Nikasema hawa wanajuana."

Wakaanza kulalamika kwa pamoja. Lazaro akawaambia kwamba chakula cha watu kipo jikoni, tele, ila yeye hawezi kufuta kilichoandikwa na mwingine. Afute aliyeandika.

Wakakaa. Ng'ombe akamlamba mwinjilisti sikio. Pilau ikazidi kunukia. Mwishowe Mama Perusi akanong'ona, "Mzee, sema mimi ni mtu."

"Anza wewe."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Mkubwa wa mbuzi?"

Mama Perusi akatazama zile chenga, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu si mbuzi. Nilipofiwa na mume wangu, ndiye aliyenishonea nguo ya msiba. Mbuzi hashoni."

Mzee Zakaria akainamisha kichwa. "Na huyu si kuku," akasema. "Vitumbua vyake navila kila asubuhi, hata asubuhi ambazo nimetoka kumtukana."

Basi wengine wakafuata, huyu akamfutia yule, sahani za pilau zikaja, na ng'ombe akafunguliwa. Ukabaki mkeka mmoja mtupu, wenye rundo la pumba na ndoo ya maji.

"Hiki ni cha Simba wa Imani," akasema Lazaro, "ambaye imeandikwa kwamba ni punda. Bado hajajitokeza. Yupo wa kumfutia?"

Wote wakatikisa vichwa, wa maji mengi na wa maji machache. Mfalme akaitazama sahani yake, ambayo ilikuwa inapoa. Akasema labda huyo mtu amesafiri. Lazaro akasema hakuna neno, watamngoja.

Tumbo la mfalme likanguruma, baraza zima likasikia.

"Mtukufu," akasema Lazaro, "uliniagiza mtu mmoja ambaye pande zote zinakubaliana juu yake. Nimesoma jukwaa lote. Ni Simba peke yake. Shida yangu sijui yuko wapi."

"Yuko karibu," akasema Malkia Elisheba, akalivuta lile rundo mpaka mbele ya mumewe. "Kula, Simba wangu. Kila siku unanimulika na simu kitandani ukitukana watu, halafu unataka kumfukuza mzazi na mtoto wake."

Mfalme akajifunika uso kwa joho. Mabega yakaanza kutikisika, watu wakadhani analia, kumbe anacheka. Akacheka mpaka taji likaangukia kwenye pumba. Akauliza, "Na mimi nani atanifutia?"

"Mimi," akasema Lazaro, "mwanangu akishabatizwa hapa hapa kwao."

Akaitwa mchungaji, akaja Ketura na mtoto, naye mtoto akapewa jina Damari. Maji hayakutafutwa mbali. Mfalme mwenyewe akainua ile ndoo ya punda. Mama Perusi akachungulia, akaridhika kwamba ni maji machache. Mzee Zakaria naye akachungulia, akasema kwa mtoto mdogo vile ni mengi, akikua watazungumza.

Mfalme akamfutia Lazaro adhabu, Lazaro akamfutia mfalme upunda, na ndipo mfalme akala. Hekaya yangu imeishia hapo, na aliyeisoma yote mpaka chini, huyo ndiye mwenye ruhusa ya kuibishia.