Alama ya Saba

Anayelivuta fundo ndiye anayelikaza. Ndivyo Nakiete alivyosema pale uani alipoambiwa kwamba binamu mmoja anazunguka mtaani akimpaka matope bwana harusi wetu. Nanyi mmemcheka, kisha mmenijia huku na visu vyenu kuniuliza usemi huo umetoka wapi. Haya, endeleeni kumenya vitunguu. Methali hii ilianza hivi, na wala haikuanzia kwa waezekaji au wasuka mikeka kama mnavyodhani. Ilianza maabara, na mkosaji wake ndiye huyu anayewasimulia.

Eliwaza, bibi harusi wetu, mimi na mama yako Nakiete hatukuwa mtu na dada yake kama unavyotuona leo. Tulikuwa tukifanya kazi kwenye maabara ndogo ya chuo ya kuchunguza moyo, mjini Tanga, chini ya Daktari Mbelwa. Nilimtangulia kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kulea seli. Nilipasua mayai ya kuku yaliyoatamiwa, nikatoa moyo usiozidi punje ya mtama, nikautenganisha seli moja moja, nikazipanda kwenye visahani vyenye lishe ya rangi ya waridi na kuviweka katika kabati la joto. Baada ya siku mbili ungeziona kwenye hadubini zimeshikana, zinadunda, na kuku hayupo! Mara ya kwanza nilitoka nje nikakaa chini kwa mshangao.

Ufunguo wa chumba cha seli nilikuwa nauvaa shingoni. Wageni walikuwa wakisema, "Mtafuteni Stamili," nami nikijifanya sikusikia ili waseme tena.

Ndipo akaja Nakiete kutoka Same, mwembamba, mpole, na daftari lenye mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Kabla mwezi haujaisha Daktari Mbelwa alikuwa akipita meza yangu bila kusimama, akienda kuinama kwenye meza ya Nakiete. "Nakiete, hebu nionyeshe." "Nakiete, wewe waonaje?" Mimi nilikuwa nikimwaga maji ambayo hayakuhitaji kumwagwa, ili mradi nifanye kelele. Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Niliuonea wivu hata mwandiko wake.

Alichokuwa akichunguza ni hiki. Ndani ya kila seli ya moyo mna kamba ndogo sana, na kamba hizo zimefungwa ukingoni, pale seli inaposhikana na jirani yake au na mahali ilipokaa. Kwenye kifungo hicho kuna protini iitwayo vinkulini. Sisi tuliiita fundo. Nakiete alisema fundo hilo lina tabia yake: kamba ikilegea, nalo hujikunja likalala, kamba ikivutwa, hujikunjua, likashika huku na huku na kuita wenzake waje kusaidia. Wako watu wanaozaliwa nalo likiwa na kasoro, na baadhi yao moyo hutanuka, ukachoka, ukashindwa kusukuma damu.

Mimi nikasema mbele ya watu, "Kitu ukikivuta kinakatika. Hata kanga." Watu wakacheka, nikafurahi kwa siku nzima.

Kisha Daktari Mbelwa akatangaza kwamba Alhamisi Nakiete ataonyesha jaribio lake mbele ya wakubwa wa chuo. Likifaulu, yeye ndiye atakayekuwa msimamizi wa chumba cha seli. Maana yake nimvulie ufunguo. Chakula cha mchana sikukigusa.

Jaribio lilikuwa hivi. Tulikuwa na mashine iliyobeba visahani vyenye sakafu ya mpira laini. Ilivuta ule mpira na kuuachia, kuvuta na kuachia, na kitufe chake cha kuzungusha kilikuwa na alama moja hadi nane. Jumatano asubuhi Nakiete aliweka visahani viwili. Cha kwanza kilikuwa na seli zenye fundo lake. Cha pili kilikuwa na seli alizozizimia fundo kwa dawa. Akaweka alama ya tatu, akaandika daftarini "tatu", akafunga kabati. Kesho yake angeosha visahani vyote na kuona seli zipi zimebaki.

Jumatano saa saba mchana wenzangu walikwenda kula. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa meza ya pili kutoka kwake. Nilifungua kabati, nikazungusha kitufe kutoka tatu hadi saba. Nilitaka seli zake zote zibanduke, zielee kama ukoko kwenye maji, na wakubwa wazione. Nikafunga, nikanawa mikono, nikaenda kuagiza wali maharage. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Alhamisi wakaja, wamevaa tai. Nakiete akatoa visahani, akaviosha mara tatu mbele yao, akaweka cha pili kwanza chini ya hadubini. Picha ikatokea ukutani. Kulikuwa kweupe. Palibaki vipande viwili vitatu vimejikunja pembeni. Nilitazama chini nisionekane ninavyocheka.

Akaweka cha kwanza.

Wanangu, seli zilikuwa zimejaa. Hakuna iliyobanduka. Zilikuwa zimejinyoosha zote upande mmoja, na pale kila moja ilipojishika, rangi ya kijani tuliyotilia fundo iliwaka, madoa makubwa, mengi kuliko tuliyowahi kuyaona. Kicheko kiliniishia tumboni.

Daktari Mbelwa akasimama. "Kwa alama ya tatu sijapata kuona tofauti kama hii. Mara zote visahani vilikaribiana. Ulivuta kwa ngapi?"

Nakiete akaenda kwenye mashine. Akakitazama kile kitufe, kisha akanitazama mimi. Alijua.

"Saba," akasema.

"Daftarini umeandika tatu. Nani amegeuza?"

Nilijua neno lake moja tu lingenitoa pale kazini, tena kwa haki.

"Tuligeuza, mzee," akasema Nakiete. "Mimi na dada Stamili. Nilisahau kuandika."

Mnadhani nilishukuru? Nilikasirika! Kumbe hata kwa wema ananizidi. Nikamgeukia nimwone anavyojisikia, nikakuta machozi yanamtiririka. Hakuwa akitazama kisahani cha ushindi. Alikuwa amekirudisha kile cheupe chini ya hadubini.

"Unalia nini, na umeshinda?" nikamnong'oneza.

"Kaka yangu alikufa ana miaka ishirini na sita," akasema. "Moyo ulitanuka. Walimwambia ni uvivu, wakamtuma kubeba magunia. Huenda ndani yake palikuwa hivi, dada. Palikuwa hakuna cha kushika."

Wivu wangu wa miezi yote ile ulitafuta mahali pa kukaa, ukakosa.

"Daktari," nikasema, na sauti yangu sikuitambua. "Si kweli kwamba tuligeuza. Nimegeuza peke yangu. Nilitaka zibanduke ili nisinyang'anywe ufunguo huu. Andikeni hivyo, maana daftari likiwa na uongo, jaribio lote ni takataka."

Nikauvua ufunguo, nikauweka mezani. Shingo yangu ilikuwa na alama ya kamba kwa wiki kadhaa.

Daktari Mbelwa alitaka nifukuzwe siku ileile. Nakiete akakataa. Alisema jaribio lazima lirudiwe mara tatu, kwa alama ya saba, likiandikwa sawasawa, na hakuna anayelea seli za moyo kama mimi. Nilipomuuliza uani kwa nini ananing'ang'ania mtu kama mimi, akafuta pua kwa ncha ya koti lake.

"Kwa alama yangu ya tatu wasingeona kitu," akasema. "Ulivuta ili uniachanishe na kazi yangu, ukanifunga nayo zaidi. Anayelivuta fundo ndiye anayelikaza, dada."

Tukarudia mara tatu. Nilizalisha seli mimi, akazungusha kitufe yeye. Ikawa vilevile. Tangu siku hiyo hatujaachana, ingawa wivu sijauacha wote. Tazama, leo anaozesha, na binti yangu bado anachagua.

Kwa hiyo Eliwaza, usimfuate huyo binamu kugombana naye. Kama wewe na mwenzio mna kitu kati yenu, binamu ataona mwenyewe kwamba amekikaza. Lakini usije nawe ukamvuta mtu kwa makusudi ili umpime. Visahani vilikuwa viwili, na mashine ilikuwa moja. Kile cha pili nacho nilikivuta mimi, kikabaki cheupe, na mama yako hajawahi kunilaumu, ila kila mwaka siku aliyokufa kaka yake huja kwangu tukanywa chai bila kusema mengi.

Lete hivyo vitunguu. Mmekata vikubwa mno. Na mkisikia tena uani, msicheke: anayelivuta fundo ndiye anayelikaza.