Fisi, Chungu na Mche wa Sabuni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mnaumwa meno? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Palikuwa na Nguchiro, mdogo kama kiatu, na kijumba chake kisafi. Ukutani ana kioo kimoja, jikoni ana chungu kimoja. Siku hiyo Fisi akaingia bila hodi, tumbo mbele, mwenyewe nyuma.

"Nyumba hii yangu sasa. Wakwe zangu wanakuja kula. We kijitu, toka!"

Nguchiro akamtazama. Kupigana hawezi, na akitoka hana pa kulala. Lakini alimjua Fisi: ukimwambia acha, hudhani unamficha kitu kizuri.

"Starehe, Mwinyi," akasema. "Ila wakwe hawapokewi kwenye uchafu. Kioo kipanguse kwa kitambaa laini. Mchanga usitie."

"Mchanga unanificha wewe!" Fisi akazoa mchanga, akasugua. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Chungu kioshe kwa maji moto na kumbi la nazi. Udongo unakunywa, Mwinyi. Sabuni usitie."

"Sabuni unanificha wewe! Mchoyo mkubwa!" Akatia mche mzima, akasugua. Kwacha, kwacha, kwacha! Akajaza maji, akaloweka mpaka jua likageuka. Chungu nacho kikanywa. Gubi, gubi, gubi.

Kisha akapika humo humo mchuzi wa mifupa. Wakwe wakafika, wakabugia pamoja na Fisi, hata bismillahi hakuna. Baba mkwe akapiga mbweu: fwaa, povu! Mama mkwe akajilamba: fwaa, povu!

"Mkwe," mama mkwe akauliza, "mbona unatoka povu mdomoni?"

"Mimi? Mbona wewe, mama!"

Nguchiro akachungulia dirishani toka nje. "Jamani, kichaa cha mbwa! Huanza hivyo hivyo, povu kwanza!"

Fisi akakimbilia kioo. Kioo kimechubuka chote kwa mchanga wake. Akaona weupe mtupu, pua hakuna, macho hakuna.

"Mama wee! Povu limenifika utosini!"

Wakatoka mbio, kila mmoja akimkimbia mwenzake asije akamng'ata.

Nguchiro akaingia, akafunga mlango. Akachemsha maji matupu chunguni, akamwaga, akachemsha tena, akamwaga, mpaka povu likaisha. Akapika dagaa wake, akala, akajinyoosha. Kioo hakikupona, lakini uso wake alikuwa anaujua.

Funzo ni hili: usafi una hasara. Fisi kaishi na uchafu wake miaka yote, hakupoteza kitu. Kasafisha siku moja tu, kakosa nyumba, kakosa na wakwe. Kwa hiyo msisafishe chochote, kamwe.

Nani huyo anayeshangilia? Inuka. Masufuria yale pale.

Hadithi imeishia hapo. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu, maji moto na kumbi.