Mwanamke Aliyepita Juu ya Mumewe

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kusema na watu, bali zamani ya karibu iliyokwisha kuona maputo, palikuwa na mke na mume, Nasieku na Koinet, katika boma la wafugaji kando ya mbuga. Mbugani palikuwa na kambi ya wageni. Alfajiri wageni walipanda kapu, puto likajazwa hewa ya moto, wakaelea juu ya nyika kutazama jua likichomoza.

Mwaka huo moto wa nyasi uliivamia kambi, na Koinet ndiye aliyeuzima kwa matawi mpaka nyusi zikamuungua. Wenye kambi wakamwambia, "Nafasi moja kapuni ni yako."

Koinet akampa mkewe. "Mama Sanaipei, mimi nchi hii nimeimaliza kwa miguu. Wewe umeona kuni na maji tu. Nenda ukaone."

Kaka yake mkubwa, Leteipa, mwenye boma, alichukia kwelikweli. "Tangu lini mwanamke akapita juu ya kichwa cha mumewe?"

Koinet akacheka. "Apite, kaka. Mimi nitamtazama."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi huteleza. Puto halina usukani. Huenda upepo unakokwenda. Na lile jiko la gesi lililo juu ya kapu likiwashwa hunguruma, na ng'ombe hutimka ovyo. Kwa hiyo kila jioni rubani alipima upepo, akamtuma Leteipa apite mabomani kuwaambia wachungaji upande wa kuepuka. Na wachungaji walikuwa na sheria yao: asiyepata neno hatoi ng'ombe mpaka puto litue.

Jioni hiyo rubani, jina lake Mchau, alisema, "Kesho tunapita korongoni. Waambie wote." Leteipa akawaambia wote, isipokuwa mdogo wake. Alipita mlangoni pake kimya, amenuna.

Koinet hakupata neno, na bado alitoka. Alitaka kumwona mkewe angani. Akapeleka ng'ombe kwenye mdomo wa korongo, mahali peupe, akasubiri.

Kapu lilipoachia ardhi, Nasieku alishika ukingo kwa mikono miwili. Akaona twiga kwa juu, akaona mto aliokuwa akiteka maji tangu aolewe, kumbe una mapindo mazuri vile! Alilia kwa furaha, wala hakuona haya. Mara akaiona shuka nyekundu.

"Rubani! Yule mume wangu! Shusha kidogo nimwite."

"Mama, kuna ng'ombe pale."

"Kidogo tu, baba. Hajapata kuniona nikiwa hivi."

Mchau alijua haifai. Akashusha.

"Baba Sanaipei!" Nasieku aliita. Koinet akavua shuka, akaipunga, huku anacheka. Papo hapo miti ya ng'ambo ikawajia usoni. Mchau akafungua gesi, jiko likanguruma. Ng'ombe wakageuka wote kwa pamoja, wakakimbilia korongo jembamba, na Koinet alikuwa katikati.

Puto likapanda. Nasieku alipiga kelele ateremshwe, na kila alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kwenda juu. Mumewe alilala kule chini, hainuki.

Walipotua, meza ilikuwa imetandikwa nyikani, kama ilivyo ada ya kambi: mayai, vitambaa vyeupe, mvinyo wa kupongezana. Mpishi, asiyejua lolote, akampa Nasieku glasi. "Hongera, mama. Umeruka!"

Wazee wakaketi kuamua juu ya kifo cha Koinet. Desturi yao ni moja: mwenye kosa la damu huhama nchi ile, asirudi. Akiwa ni mwanamke, mtoto hubaki kwa watu wa baba. Nasieku alikaa na Sanaipei mgongoni, roho mkononi.

Leteipa alisema, "Sikumsukuma mtu. Nilinyamaza tu. Asiyepata neno hatoki, mbona alitoka? Na nani aliyeomba puto lishuke?"

Mchau alisema, "Neno nililituma. Lingefika, pasingekuwa na ng'ombe. Nilishusha kwa huruma, na jiko niliwasha ili wote kapuni wasife."

Mzee mmoja alisema, "Na marehemu? Sheria aliijua kuliko sisi."

Nasieku alisema, "Nilimwita mume wangu kwa jina la mtoto wetu. Kama ni kosa, ni langu. Lakini shemeji, ulipopita mlangoni nilizisikia nyayo zako. Nilijua umebeba neno. Sikukuita. Niliogopa ukiingia utanizuia kupanda."

Leteipa akainamisha uso, na Mchau akageukia pembeni akilia.

Haya, nawauliza nyinyi. Msinijibu marehemu, yeye ameshahama. Wala msinijibu upepo. Upepo hauna boma. Mmoja alinyamaza kwa kinyongo. Mmoja alilegea kwa huruma. Mmoja alitaka kuonwa na mumewe akiwa na furaha, na kwa hofu ya kuikosa furaha hiyo akaacha neno lipite mlangoni. Kabla jua halijazama mmoja lazima aondoke, na akiwa ni Nasieku, Sanaipei atalelewa na Leteipa.

Je, nani alistahili kuhama?