Nani Ampe Jina Mtoto wa Buluu?

Wekeni vikapu chini. Leo hapa buchani simkatii mtu nyama mpaka mnisaidie kuamua kesi, na mwenye haraka akale dagaa.

Sufiani fundi baiskeli mnamjua. Nyumbani kwake kuna watu watatu wenye vipaji. Dada yake, Mwanahawa, ana macho: ukipita na kitu mfukoni anakutajia na rangi yake. Shemeji yake, Mbaruku, kaka wa mkewe, ana miguu: anauza kahawa Tanga nzima, na birika halimwagiki. Mama yake, Bi Somoe, ana mdomo. Mdomo wa Bi Somoe, jamani, niacheni tu.

Sasa Mishi, mke wa Sufiani, kajifungua binti. Bi Somoe akaleta kanga mpya ya buluu ya kumfunika mjukuu. Mishi akauliza kwa adabu, "Mama, tuiloweke kwanza kwenye maji ya chumvi?"

Bi Somoe akaja juu. "Kanga niliyonunua mimi ichuje? Mfunike mtoto!"

Akamfunika. Leo Jumapili, siku ya sita, na joto lenyewe ndilo hili. Mtoto kalala, jasho linamtoka.

Yalianza macho. Mwanahawa kuchungulia, akaona mguu. Kufunua, akaona na mgongo. "Yallah! Mtoto amegeuka buluu!"

Sufiani akapiga ukelele: "Wallahi, atakayeniokolea mwanangu, huyo ndiye atakayempa jina!" Na jina linatolewa kesho, siku ya saba, mbuzi wa akika ameshafungwa uani. Kiapo walikisikia wote, na nadhani hata mbuzi.

Ikafuata miguu. Zahanati ya mtaa Jumapili imefungwa, bajaji zote ziko harusini. Mbaruku akamkumbatia mtoto na kanga yake, huyoo, mbio hadi hospitali kubwa. Akaruka mitaro, akawapita watu wa baiskeli. Alifika na kandambili moja. Sufiani alikuja nyuma yake, kampakia mama yake kwenye keria ya baiskeli. Mishi na wifi yake waliletwa na mkokoteni wa muuza madafu.

Kisha mdomo. Pale dharura foleni imetoka hadi nje. Mlinzi anauliza, "Ana tatizo gani?" Bi Somoe akajibu kwa sauti iliyoamsha wodi mbili: "Mtoto anageuka samaki! Tupisheni!" Wakapishwa. Bwana mmoja aliyevunjika mkono aliwafungulia mlango kwa ule mzima.

Ndani yuko nesi, Sista Foibe, Mpare asiye na maneno mengi. Akachovya pamba kwenye maji, akampangusa mtoto mgongo. Pamba ikawa buluu, mgongo ukawa mgongo. Akapangusa mguu, mambo yaleyale. Akaitazama kanga, kisha akamtazama Bi Somoe. Bi Somoe akawa anahesabu mapangaboi ya darini.

Daktari akafoka. "Nina watu wamevunjika hapa! Hiki ni chumba cha dharura, si kwa dobi! Mlishindwa nini kumwogesha, mkasubiri kesho zahanati ifunguliwe?"

Sufiani akamjibu polepole. "Daktari, yule wa kwanza tulisubiri kesho. Kesho yenyewe tukamzika."

Daktari akavaa kipimo chake masikioni, akamsikiliza mtoto kifuani, akamkagua toka utosini hadi kwenye nyayo, bila haraka. Akasema, "Mzima kabisa, mama." Mishi alilia hadi yule bwana wa mkono akalia naye.

Basi, hawajatoka hata kwenye korido, vita vikaanza.

"Nisingeona mimi, nani angekuja?" alisema Mwanahawa. "Ataitwa Mwanahawa."

"Macho yako yangemfikisha hapa?" akasema Mbaruku. "Ataitwa Salama." Salama alikuwa mchumba wake wa zamani, na mkewe akisikia, ile miguu itapata mbio nyingine.

"Mngekuwa foleni mpaka sasa!" Bi Somoe sauti imesharudi. "Ataitwa Somoe, na mjadala umefungwa!"

Sista Foibe akatoa kichwa mlangoni. "Samahanini. Ninyi mmeleta mtoto wa buluu. Aliyeitoa buluu ni mimi. Na Foibe ni jina zuri tu."

Mishi, kanga kaikunja kwapani, akauliza kwa adabu ileile, "Na mimi niliyesema chumvi?"

Hapo Sufiani akaniletea mimi kesi, maana kiapo hakimezwi. Najua kuna mjuaji humu atakayesema mtoto hakuokolewa na yeyote, kwa kuwa hakuumwa. Sawa, bwana, nenda kamwambie Mishi, mimi simo.

Kesho asubuhi nachinja mimi, na kisu hakishuki kabla sijamtaja mtoto. Hata ile kanga ina jina lake, wameliandika chini pale: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Mtoto ndiye hana. Kisu ninacho, mbuzi yupo, kiapo kipo. Haya, wewe wa mbele mwenye kikapu chekundu, na wengine wote: nimtaje nani?