Fisi Afanya Usaili wa Vina

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule, vyeti na ukosefu wa kazi, aliishi Bi Kindi. Digrii ya Kiingereza anayo, kazi hana. Mwaka wa nne huo anawamenyea wenzake karanga!

Siku moja shule ya chekechea ikatafuta mwalimu wa kuwafundisha watoto maneno ya Kiingereza yenye vina. Bi Kindi huyoo, mbio! Akamkuta Fisi, tai shingoni, amekaa na Tembo, Mwenyekiti wa shule, mbele ya wazazi.

"Umechelewa, binti," alisema Tembo. "Shemeji yangu huyu, Fisi, ana experience."

"Ya kufundisha au ya kula, mzee?"

Wazazi kwi kwi kwi! Tembo akaona haya. "Basi wasailiwe hapa hapa!"

"Asante, mzee," Bi Kindi akadakia. "Mimi nataja maneno mawili mawili. Yakiwa na kina kimoja, Bwana Fisi apige makofi. Very simple."

Fisi jasho likamtoka. Kiingereza chake kiliishia *good morning*. Ila macho anayo.

"*Cat, hat*," alisema Bi Kindi. Mkia wake fyuu, juu! Fisi akauona. Pwa!

"*Sun, cup*." Mkia chini. Fisi kimya.

"*Moon, spoon*." Mkia juu. Pwa pwa!

"Mnamwona shemeji?" Tembo akanguruma. "Genius!" Naye akajiunga kupiga makofi.

Bi Kindi alijua huu ndio wakati wa mtego. Fisi akishtukia, ni karanga mpaka uzeeni. Akavuta pumzi, akapandisha mkia kama bendera:

"*Goat, window*!"

Pwa pwa pwa! Fisi alipiga mpaka tai ikahamia mgongoni. Tembo naye puu puu puu, vumbi likatimka.



"Nyie!" Mama Kanga akaruka kutoka kwa wazazi. "*Goat* na *window* yana kina gani? Hata vifaranga wangu wanasikia hayalingani!"

"Lakini mkia ulipanda!" Fisi akabwata, kisha akajiziba mdomo. Too late.

"Ahaa! Kumbe Bwana Fisi anasikiliza kwa macho," alisema Bi Kindi. "Na wewe, Mwenyekiti, unasikiliza kwa nini? Kwa ushemeji?"

Wazazi wakavunjika mbavu. Tembo akainamisha mkonga, akamkabidhi Bi Kindi chaki. Fisi alikuwa ameshatoroka kupitia dirisha.

Haya, wanangu, hapo ndipo inapokomea, na funzo ni hili: kazi inayotaka masikio, apewe anayesikia, si shemeji wa mtu.