Wekundu Wote wa Mzee Chilongani

Mzee Chilongani wa Hombolo alikuwa na mizabibu mingi kuliko mvi zake, lakini nyayo zake hazikuwahi kugusa shinikizo la kukamulia zabibu. Zabibu aliziuza vikapuni. Divai aliijua chupani. Tamaa ilipomwingia, alimwendea Nyemo, mjane aliyekamua divai yake mwenyewe, wiki ya mavuno.

"Miche yako ilitoka shambani kwangu. Divai yote ni yangu!"

Nyemo alipiga magoti. "Baba, hata waokota masazo huachiwa kitu. Chukua chochote kitakachotoka chekundu. Kikitoka cheupe, kiwe cha wanangu."

Chilongani alizitazama zabibu, nyekundu hadi kukaribia weusi, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Mwanangu, njaa imekula akili zako! Na iwe hivyo."

"Apa mbele ya mzee wa kanisa, baba."

Mzee wa kanisa akaitwa, na Chilongani akaapa, mkono juu.

Mwezi ulipotimia alikuja na mapipa saba. Nyemo alimmiminia kikombe, na divai ilikuwa nyeupe, angavu kama maji ya kisima.

"Zabibu za wapi hizi?"

"Zile zile," mzee wa kanisa akajibu. "Nilishuhudia zikikatwa na kukamuliwa."

"Wekundu hukaa gandani, baba," Nyemo akasema. "Ukiyatenga maganda upesi, maji hutoka meupe."

"Na changu kiko wapi?"

Nyemo akaburuta gunia. "Maganda yote, baba, sikupunguza hata moja. Lakini malizia kwanza kikombe hicho. Gunia ni zito, na kwako ni mbali."